Jiokeshingi: Msako wa makasha na njia ya kwenda daraja la Remagen

Mamilioni ya watu duniani hutoka nyumbani wakiwa na simu mkononi kutafuta makasha madogo yaliyofichwa na watu wasiowajua. Katika makala hii tunaeleza mchezo huo ulivyoanza na unavyochezwa, na tunafuata njia moja ya mashambani nchini Ujerumani inayoishia mahali ambapo mchezo unabidi utulie kidogo.

Ukipita siku ya Jumapili juu ya kilima cha Erpeler Ley, kando ya mto Rhine, usishangae kumkuta mtu mzima ameinama pembeni mwa njia, akipapasa nyuma ya mzizi wa mti huku akitazama simu yake. Hajapoteza funguo. Anatafuta kasha. Akilipata atalifungua, ataandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, atalirudisha palepale na kuendelea na safari. Hakuna zawadi wala mshindi.

Mchezo huo unaitwa jiokeshingi. Jina lake limeunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya dunia na neno la Kifaransa lenye maana ya maficho. Ujerumani ni miongoni mwa nchi zenye makasha mengi zaidi, na ukanda wa Rhine kati ya Bonn na Koblenz unapendwa na wachezaji kwa sababu una milima, mapango, ngome za kale na reli pande zote mbili za mto. Lakini ukanda huo una historia ya vita pia, na hapo ndipo linapozuka swali: je, inafaa kwenda mahali pa maombolezo kwa ajili ya kucheza?

Ndoo ya kwanza ilifichwa Oregon

Mchezo huu usingewezekana kabla ya tarehe 2 Mei 2000. Mfumo wa satelaiti wa GPS ni mali ya serikali ya Marekani na ulitengenezwa kwa matumizi ya jeshi. Hadi siku hiyo, mawimbi yaliyokuwa yakiwafikia raia yalivurugwa kwa makusudi ili maadui wasiweze kuyatumia kulenga shabaha. Raia aliyekuwa na kifaa cha GPS angeweza kuonyeshwa mahali palipo umbali wa hata mita 100 kutoka pale alipo kweli. Rais Bill Clinton alipoagiza uvurugaji huo ukome, vifaa vilevile viliongezeka usahihi karibu mara kumi kwa usiku mmoja.

Kesho yake, tarehe 3 Mei, Mmarekani Dave Ulmer aliamua kuupima usahihi huo. Alichukua ndoo ya plastiki, akaweka ndani vitabu, kanda za video, manati, mkebe wa maharage na daftari. Akaifukia nusu ardhini porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, kisha akatangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo kwenye intaneti. Sharti lake lilikuwa fupi: ukichukua kitu, acha kitu. Ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wameshaifikia ndoo hiyo.

Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish, aliyekuwa akitengeneza tovuti mjini Seattle, alifungua tovuti ya Geocaching.com ili kukusanya taarifa za makasha yote mahali pamoja. Leo kuna makasha zaidi ya milioni tatu katika nchi zaidi ya 190, zikiwemo Kenya na Tanzania.

Unachezwaje?

Mchezaji hujisajili, hupakua programu kwenye simu na kuona ramani yenye alama za makasha yaliyo karibu naye. Kila kasha lina ukurasa wake unaotaja mahali lilipo, ukubwa wake, historia fupi ya eneo na wakati mwingine dokezo la kumsaidia aliyekwama. Simu humfikisha mita chache tu kutoka kwenye kasha. Zinazobaki ni kazi ya macho na vidole.

Makasha hayalingani. Dogo kabisa linaweza kuwa na ukubwa wa ncha ya kidole, likiwa limeshikizwa kwa sumaku nyuma ya bango. La kati ni kama chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, na kubwa linaweza kuwa pipa. Kila kasha hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5. Alama ya kwanza hueleza ugumu wa kulipata, na ya pili ugumu wa ardhi. Kasha lenye 1 na 1 linaweza kufikiwa hata na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Lenye 5 kwenye ardhi linaweza kuhitaji kamba za kupandia mwamba au mtumbwi.

Kuna aina kadhaa. Kasha la kawaida liko palepale ramani inapoonyesha. Kasha la hatua humpeleka mchezaji kituo hadi kituo, na kila kituo humpa sehemu ya namba anazohitaji ili kufika mwisho. Kasha la fumbo humtaka atatue swali kabla ya kutoka nyumbani. Halafu kuna aina mbili zisizo na chombo chochote. Moja ni ya elimu ya miamba na ardhi, ambapo mchezaji hutazama jabali au maporomoko na kujibu maswali. Nyingine ni ya mahali tu: mchezaji hufika, husoma maandishi au huhesabu kitu, kisha hutuma jibu. Aina hizi mbili ndizo zinazofaa zaidi kwenye hifadhi na kumbukumbu za wafu, kwa sababu hazimwachi mtu akichokonoa mawe.

Heshima za mchezo ni chache na zinaeleweka. Anayetaka kuficha kasha humwomba ruhusa mwenye ardhi. Makasha mawili hayawekwi karibu kuliko mita 161. Chakula hakiwekwi ndani, kwa kuwa wanyama watakifukua. Na jambo ambalo Ulmer mwenyewe alilifanya siku ya kwanza limekuja kukatazwa baadaye: makasha hayafukiwi ardhini.

Njia: kutoka Erpel hadi Remagen

Njia tunayoieleza inaanzia Erpel, kijiji cha nyumba za mbao na udongo kwenye ukingo wa mashariki wa Rhine. Kutoka Bonn ni safari fupi ya treni. Inaishia Remagen, ng'ambo ya mto, ambako pia kuna kituo cha treni. Ni matembezi ya nusu siku, kwa mtu asiyekimbia na anayesimama kutafuta.

Kwanza ni kupanda. Erpeler Ley una urefu wa mita 191 kutoka usawa wa bahari, na upande wake unaotazama mto umekatika kama ukuta. Ni mwamba wa basalti, yaani jiwe la volkano lililopoa na kupasuka likawa nguzo nyingi zilizobanana, nyingi zikiwa na pembe tano au sita. Kwa karne nyingi watu walizing'oa nguzo hizo na kuzisafirisha kwa mashua hadi Uholanzi, ambako zilijengea kingo za kuzuia bahari. Kasha la elimu ya miamba lingeuliza hayohayo: hesabu pembe, pima unene, eleza kwa nini jiwe lilipasuka hivi na si vile.

Juu kuna uwanda wa nyasi, na chini Rhine inaonekana ikijipinda. Hapa ndipo macho yanapoliona daraja kwa mara ya kwanza, au tuseme mahali lilipokuwa. Kila ukingo una minara miwili ya mawe yaliyopigwa weusi na moshi na miaka. Kati yake hakuna kitu isipokuwa maji na meli za mizigo.

Kutoka kilimani, njia ya miguu ya Rheinsteig, inayotambulika kwa herufi R nyeupe kwenye kibao cha buluu, humsaidia mtembeaji kuelekea kusini hadi mji wa Linz. Njia hiyo nzima, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina kilomita 320 kutoka Bonn hadi Wiesbaden. Sehemu yetu ni ndogo: msitu, bonde lenye kijito, mashamba, kisha paa za Linz. Huku ndiko kwa makasha ya kawaida, ya kwenye vishina vya miti na chini ya madaraja madogo ya mbao. Watoto hufurahia sehemu hii kuliko zote.

Linz kuna kivuko cha magari na watu kwenda Kripp, ng'ambo. Kutoka Kripp njia ni tambarare, mto ukiwa mkono wa kulia na mashamba mkono wa kushoto, hadi minara ya Remagen.

Daraja lililokataa kulipuka

Daraja la Remagen lilijengwa kati ya mwaka 1916 na 1918, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lilikuwa la reli, na kusudi lake lilikuwa kupeleka askari na silaha kwenye mapigano ya Ufaransa na Ubelgiji. Lilipewa jina la Jenerali Erich Ludendorff, aliyelipigania lijengwe, na mateka wa kivita wa Kirusi walitumikishwa katika ujenzi wake. Lilikuwa na urefu wa takriban mita 325. Upande wa mashariki reli iliingia moja kwa moja katika handaki lililochimbwa ndani ya Erpeler Ley.

Machi 1945 jeshi la Ujerumani lilikuwa likirudi nyuma na kuvunja madaraja yote ya Rhine, ili mto huo uwe boma la mwisho. Tarehe 7 Machi wanajeshi wa Marekani wa Divisheni ya 9 ya vifaru walifika juu ya Remagen. Walipotazama chini hawakuamini: daraja lilikuwa bado limesimama, na Wajerumani walikuwa wakivuka.

Kiongozi wa kikosi kilichoamriwa kulivuka alikuwa Luteni Karl Timmermann, mwenye umri wa miaka 22. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, akakulia Nebraska, Marekani. Walipokaribia, Wajerumani walijaribu kuwasha vilipuzi kwa umeme, lakini waya haukufanya kazi. Askari mmoja wa Kijerumani akatoka chini ya risasi kuwasha utambi kwa mkono. Mlipuko ulisikika, daraja likanyanyuka, vumbi likatanda. Vumbi lilipotulia, daraja lilikuwa limerudi kukaa juu ya nguzo zake. Vilipuzi vilivyoletwa vilikuwa vichache kuliko vilivyoombwa, na nguvu yake ilikuwa ndogo.

Muda mfupi kabla ya saa kumi alasiri Wamarekani walianza kukimbia juu ya mbao zilizotoboka. Sajini Alexander Drabik alikuwa wa kwanza kukanyaga ng'ambo. Ndani ya handaki, wanakijiji wa Erpel walikuwa wamejificha gizani pamoja na askari wao. Ndani ya saa 24 takriban wanajeshi 8,000 wa Marekani walikuwa wamevuka.

Kwa siku kumi Ujerumani ilijaribu kuliangusha daraja hilo kwa ndege, zikiwemo za kwanza za injini ya jeti, kwa mizinga mikubwa, kwa wapiga mbizi na kwa makombora ya V-2. Maofisa watano walihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Hitler kwa kosa la kutolivunja. Wanne waliuawa kwa risasi. Wa tano aliokoka kwa sababu alikuwa ameshatekwa na Wamarekani.

Tarehe 17 Machi, saa tisa alasiri, daraja lilianguka lenyewe. Wakati huo halikuwa likitumika kwa mapigano, kwani madaraja ya kuelea yalikuwa yameshajengwa karibu nalo. Waliokuwa juu yake ni mafundi wa jeshi la Marekani waliokuwa wakilikarabati. Ishirini na nane kati yao walikufa.

Jiwe ndani ya plastiki

Daraja halikujengwa tena. Nguzo zilizobaki katikati ya mto ziliondolewa mwaka 1976 kwa sababu zilizuia meli. Meya wa Remagen wa wakati huo, Hans Peter Kürten, alikuwa kwa miaka mingi akitaka minara igeuzwe makumbusho ya amani, lakini hakupata fedha. Ndipo akapata wazo la kuvunja mawe ya nguzo hizo vipande vidogo, kuviweka ndani ya plastiki angavu na kuviuza kama kumbukumbu. Mauzo yalianza mwaka 1978 na kuingiza zaidi ya Deutschmark 100,000. Tarehe 7 Machi 1980, miaka 35 kamili baada ya daraja kutekwa, makumbusho yalifunguliwa ndani ya minara ya upande wa Remagen.

Kumbukumbu ya Remagen haihusu askari wa upande mmoja peke yao. Mashamba yale ya mkono wa kushoto, ambayo mtembeaji anayepita kutoka Kripp huyaona yamejaa mboga, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1945 yalikuwa kambi ya wazi ya mateka wa Kijerumani. Kambi za Remagen na Sinzig zilishika watu wapatao robo milioni, wengi wakilala kwenye mashimo ya matope bila paa. Zaidi ya 1,000 waliokufa wamezikwa katika makaburi ya Bad Bodendorf. Mateka mmoja, mchongaji Adolf Wamper, alifinyanga sanamu ya Bikira Maria kwa udongo wa kambini. Sasa sanamu hiyo, nyeusi, iko ndani ya kanisa dogo lililo wazi upande mmoja, karibu na mahali kambi ilipokuwa.

Kwa miaka mingi makundi ya mrengo mkali wa kulia yalikuwa yakiandamana hapo kila Novemba, yakiwatumia wafu wale kudai kuwa Ujerumani ndiyo iliyoonewa. Wakazi wa Remagen nao waliitikia kwa kuandaa siku ya demokrasia. Kwa hiyo anayefika pale na simu mkononi ajue kuwa anaingia mahali ambapo maana ya kumbukumbu bado inabishaniwa.

Mchezo uishie wapi?

Mipaka ya kwanza ni ya usalama. Ardhi ya kando ya Rhine bado ina mabomu ya vita hivyo. Desemba 2011, maji ya mto yalipopungua sana, bomu la Uingereza la tani 1.8 lilionekana mjini Koblenz, na watu 45,000 walihamishwa kwa siku nzima ili litenguliwe. Ndiyo maana katazo la kuchimba si urasimu. Mchezaji akiona chuma chenye kutu kilichotokeza ardhini, asikiguse hata kama simu inasema amefika. Aondoke na apige namba 110 ya polisi.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu aliyeonekana akificha kitu kando ya mkahawa alizua hofu, mtaa ukafungwa na jeshi likalipua kitu hicho. Lilikuwa kasha la jiokeshingi. Tangu hapo wachezaji wengi husisitiza chombo kinachoonyesha yaliyomo na chenye maandishi yanayoeleza ni kitu gani.

Mipaka ya pili ni ya viumbe. Sheria ya Ujerumani inakataza kuingia katika mapango na mahandaki wanamolala popo kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Popo aliyeamshwa wakati wa baridi hutumia mafuta ya mwili aliyohitaji ili afike majira ya kuchipua, na mara nyingi hufa.

Mipaka ya tatu haina sheria moja inayoiandika, na ndiyo tunayoona ni muhimu zaidi. Juu ya mlima na msituni, tafuta, cheka, kimbizana na watoto. Ukifika kwenye minara, weka simu mfukoni. Kasha linaloficha chombo kati ya mawe ya kumbukumbu hufanya watu wapapase ukuta na kuupa mgongo ubao wenye maelezo. Swali linalodai jibu kutoka kwenye ubao huo hufanya kinyume chake: mtu aliyekuja kwa ajili ya alama hulazimika kusoma tarehe, kuhesabu majina na kutazama upande wa pili wa mto. Wengi wetu hupita mbele ya kumbukumbu bila kusoma hata mstari mmoja. Mchezo unaomfanya mtu asome umelipa deni lake.

Kabla ya kutoka

Chukua kalamu, kwa sababu makasha mengi hayana. Chaji simu na upakue ramani mapema, maana mtandao hukatika bondeni. Vaa viatu vya kufunga na suruali ndefu, kwani misitu ya Ujerumani ina kupe. Hakikisha saa za kivuko na za makumbusho. Majira ya baridi makumbusho hufungwa. Ukichukua kitu kwenye kasha, acha chenye thamani sawa au zaidi. Rudisha kasha kama ulivyolikuta.

Na kwa walio mbali na Rhine, mchezo hauhitaji tiketi ya ndege. Wakati daraja la Remagen linajengwa, vita hivyohivyo vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vikipiganwa Afrika Mashariki, na askari na wapagazi walikufa kwa maelfu. Kumbukumbu yao mojawapo ni Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maelfu ya watu huizunguka kila siku wakiwahi kazini. Swali la kuanzia linaweza kuwa jepesi tu: singe ya bunduki ya askari yule inaelekea wapi? Anayelijibu akiwa amesimama mbele yake atagundua kwamba inaelekea bandarini. Akishakuwa pale, asome na maandishi yaliyo chini yake.